Disk 100% na saa inayorudi nyuma: jibu kwa Mwalimu wa Morogoro

Swali: "Fundi, habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 790, Core i5, RAM GB 4, diski GB 500, Windows 10. Niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Siku hizi nikiiwasha nakwenda kuchemsha chai, nainywa, narudi, Word bado haijafunguka. Nikifungua Task Manager naona Disk 100% hata kama sijagusa kitu. Umeme ukikatika, saa na tarehe zinarudi nyuma miaka. Fundi wa mtaani ameshapiga Windows mara mbili. Inakuwa nzuri kama wiki hivi, halafu palepale. Mmoja ananiambia niongeze RAM, mwingine anasema niitupe ninunue mpya. Humo ndani kuna mitihani yangu yote na picha za familia, na wanangu wanaitumia kuangalia masomo YouTube. Nianzie wapi?" Mwalimu, Morogoro.

Jibu: Nzuri, Mwalimu, pole na usumbufu. Usiitupe, na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kazi zilizo wazi, nayo isubiri kidogo. Kwa dalili ulizoandika, tatizo liko kwenye diski, na dawa yake ni kuiondoa hiyo diski na kuweka SSD, diski ya kisasa isiyo na kinachozunguka ndani, mahali pake. RAM inafuata baadaye, tena kwa masharti nitakayoeleza. Lakini kabla ya kugusa bisibisi kuna kazi ya leo leo: toa mitihani na picha humo ndani.

Ninasisitiza leo kwa sababu diski inayokaa kwenye 100% bila kazi huenda imechoka tu kwa umri, au huenda inakufa, na ukiitazama kwa nje huwezi kutofautisha. Chukua flashi au diski ya nje, unakili vitu kwa mpangilio wa uchungu wake: kwanza picha, maana hizo hakuna wa kukurudishia, kisha mitihani, halafu mengine. Wengi hunakili folda ya Documents na Pictures wakasahau vitu walivyovimwaga kwenye Desktop na Downloads, wewe pitia zote nne. Faili likigoma, liruke uendelee na jingine; usikae kulilazimisha. Na ukisikia ndani ya kasha mlio wa kugonga unaojirudia, kwa, kwa, kwa, zima mashine hapo hapo, kwa sababu kila dakika inayozunguka inaweza kuharibu zaidi.

Kuna mtu atakushauri uendeshe chkdsk au Defragment, zana za Windows za kukagua diski na kupanga upya mafaili, "isafishe diski". Usikubali kabla hujanakili. Kazi hizo mbili huipitisha diski kona zote kwa saa nyingi, na kama ilikuwa inachechemea, hiyo ndiyo safari ya kuimaliza.

Mafaili yakishakuwa sehemu mbili, tupime. Washa mashine, isubiri itulie dakika kumi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager. Nenda kwenye Performance, bonyeza Disk. Wengi huishia kwenye ile asilimia 100 na kuogopa. Hiyo 100% inasema tu kwamba diski haipumziki, haisemi inafanya kazi kiasi gani. Shusha macho chini yake kuna namba mbili zenye maana zaidi: kasi ya kusoma na kuandika, na Average response time, yaani diski inachukua milisekunde ngapi kujibu kila ombi. Diski nzima ya kuzunguka hujibu ndani ya milisekunde chache hadi makumi machache. Ukiona inasoma MB 1 tu kwa sekunde huku majibu yanachukua milisekunde mia tano, elfu moja, na hali hiyo haibadiliki, kuna uwezekano mkubwa diski hiyo ni mgonjwa.

Ukiwa hapo hapo, angalia Memory, yaani matumizi ya RAM. Hili ni muhimu kwa sababu upungufu wa RAM hujificha ndani ya diski. GB 4 zikijaa, Windows huanza kuhamishia sehemu ya kazi zake kwenye faili maalumu ndani ya diski, inaandika na kusoma bila kukoma, na wewe unachokiona ni Disk 100%. Kwa hiyo kama Memory iko kwenye asilimia 90 na zaidi wakati diski imejaa, una matatizo mawili kwa pamoja. Kama Memory iko 50 au 60 na diski bado ni 100, RAM haihusiki, na aliyekushauri uongeze angekula hela yako bure.

Kipimo cha tatu ni programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo. Ifungue tu, itakuonyesha neno moja juu kushoto: Good kwa bluu, Caution kwa njano, Bad kwa nyekundu. Usiishie kwenye rangi. Tafuta mistari iliyoandikwa 05, C5 na C6. Hizo ni hesabu za sehemu za diski zilizoharibika zikahamishwa, zinazosubiri hukumu, na zilizoshindikana kusomeka. Zote tatu zinatakiwa ziwe sufuri tupu. C5 ikiwa na namba yoyote, usiiamini diski hiyo hata na picha moja ya simu. Kuna pia mstari wa Power On Hours. Usishangae kukuta makumi ya maelfu ya saa. Mashine hizi zilikaa maofisini huko zilikotoka, nyingine hazikuwa zikizimwa hata usiku.

Sasa nikueleze kwa nini hata diski nzima ya aina hii itakuchelewesha. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na mkono wenye kichwa cha kusomea unaokwenda na kurudi juu ya sahani hizo. Windows ikiomba kipande cha faili, mkono husogea hadi kwenye njia yake, kisha husubiri sahani izunguke mpaka kipande kifike chini ya kichwa. Safari hiyo ni milisekunde 10 hadi 15, maana yake ni vipande visivyozidi mia hivi kwa sekunde. Kwa faili moja kubwa hakuna shida, filamu husomwa kwa MB 100 kwa sekunde na zaidi. Shida ni Windows ikiamka: inaomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, wakati huo huo antivairasi inakagua, masasisho yanashuka, na Chrome inataka kufungua kurasa zake. Mkono ule ni kama mhudumu mmoja wa mgahawa anayeitwa na meza thelathini: hakai, hapumziki, na bado kila meza inalalamika. SSD haina mkono wala sahani, inafika popote kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ndiyo maana kompyuta ya mwaka 2011 ikiwekewa SSD ya kawaida kabisa huamka chini ya dakika moja.

Hapo pia ndipo lilipo jibu la lile linalokusumbua kichwa, kwa nini baada ya kupiga Windows, yaani kuiweka upya, inakuwa nzuri wiki moja. Windows mpya haina kitu. Hakuna programu zinazojiwasha, hakuna masasisho yaliyokwisha kushuka, diski iko tupu na mafaili yamekaa karibu karibu. Baada ya siku chache masasisho yanaingia, Windows inaanza kuorodhesha mafaili yako kwa ajili ya utafutaji, wanao wanaweka hiki na kile, na mkono ule unarudi kwenye mbio zake. Fundi wako hakukudanganya, ila kupiga Windows juu ya diski ile ile kila baada ya miezi mitatu ni kumpigia mbuzi gitaa.

Kuna jambo moja la kukagua kuhusu hiyo Windows aliyoweka. Nenda Settings, System, About, usome mstari wa System type. Kama imeandikwa 32-bit, umepata mkosi mwingine: Windows ya 32-bit haitumii zaidi ya takriban GB 3.5 za RAM hata ukiijazia GB 16. Mafundi wengi bado huiweka kwa mazoea, wakidhani mashine ya zamani inataka Windows "nyepesi". Prosesa yako ni ya 64-bit, na Windows yako iwe 64-bit. Ukiongeza RAM kabla ya kulirekebisha hilo, utarudi dukani kugombana na muuzaji asiye na kosa.

Dukani sema hivi: "Naomba SSD ya SATA, inchi 2.5." SATA ni aina ya kiunganishi kinachotumiwa na diski yako ya sasa. Usikubali ile nyembamba kama kipande cha bazoka inayoitwa M.2 au NVMe, hata wakikwambia ndiyo ya kisasa. OptiPlex 790 haina pa kuichomeka. Ukubwa wa GB 240 au 256 unakutosha kwa Windows, Word na mitihani, lakini kama picha ni nyingi chukua GB 480. Usihangaike na maandishi ya kasi kwenye boksi. Kwa mashine yako hutaona tofauti kati ya moja inayodai MB 500 na nyingine inayodai 550. Hangaika na uhalisi. SSD na flashi za bandia zipo sokoni, zimeandikwa TB 2 lakini ndani zina GB 32 zilizochezewa zidanganye. Bei ikiwa ya ajabu, ikimbie. Ukishanunua, kabla hujaweka kitu, ichomeke na uijaze kwa programu ya H2testw. Inaandika hadi mwisho kisha inasoma tena, na ya bandia huumbuka hapo. Fanya hivyo wakati risiti ya muuzaji bado ina moto.

Kuhusu RAM, mashine yako inatumia DDR3 ndefu ya kompyuta ya mezani. DDR4 haiingii, na ile fupi ya laptopu haiingii. Kwanza fungua kasha uone nafasi ngapi ziko wazi. Kama kuna moja ya GB 4, ongeza nyingine ya GB 4, ufike GB 8. Kwa Word, brauza na YouTube inatosha kabisa. Kuna mtego hapa ambao wauzaji wengine wenyewe hawaujui. Zipo RAM za DDR3 za bei poa zilizotengenezwa zifanye kazi kwenye bodi za AMD tu. Kwenye Dell yako ya Intel mashine haitawaka au itaitambua nusu. Nyingine zimetoka kwenye seva na hazifai pia. Nenda na kompyuta yenyewe, au kubaliana kwamba ikigoma unairudisha.

Kufunga SSD si kazi ya kuogopa. Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha utoe umeme wa mwilini, kisha fungua. Diski ya zamani ina waya mbili, wa data ambao ni mwembamba na wa umeme ambao ni mpana. Zinachomolewa kwenye diski, zinachomekwa kwenye SSD vilevile. Diski yako ni ya inchi 3.5 na SSD ni ya 2.5, kwa hiyo utahitaji kibao kidogo cha kushikilia, na ukikosa, SSD haina kinachozunguka ndani, inaweza kubanwa mahali kwa usalama bila madhara.

Watu huuliza, nihamishe Windows ya zamani kama ilivyo au niweke mpya? Kuhamisha kunawezekana, zipo programu za bure za kazi hiyo. Kwako wewe ninasema weka mpya. Sijui Windows iliyowekwa mtaani ilitoka wapi, na zile programu za "kuifungua" Windows bila leseni mara nyingi hukutaka uzime antivairasi kwanza. Aliyekuzimishia mlinzi anaweza kuwa amemwacha mgeni ndani, na mgeni huyo anatumia prosesa na bando lako. Pakua Media Creation Tool, programu ya kutengenezea flashi ya kuwekea Windows, kutoka tovuti ya Microsoft, uwe na flashi ya GB 8 iliyo tupu. Mzigo wote ni GB kadhaa, basi fanya penye intaneti ya uhakika. Kama mashine hii iliwahi kuwa na Windows 10 halali, leseni imeshikamana na ubao mkuu wa kompyuta na siyo diski. Itajitambua yenyewe ukiunganisha mtandao. Wakati wa kuweka, chomoa diski ya zamani kabisa. Usimpe mtu nafasi ya kufuta isiyotakiwa kufutwa.

Hapa lazima nikwambie habari isiyopendeza. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yako haitimizi masharti ya Windows 11: Microsoft wanataka TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya kompyuta, na kwa Intel prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, yako ni ya kizazi cha pili. Mafundi wanajua njia za kuilazimisha. Mimi sishauri, maana sasisho moja kubwa likigoma utakuwa peke yako usiku wa kuamkia mitihani. Microsoft wameacha mlango wa masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa watu wa kawaida hadi tarehe 13 Oktoba 2026: unajiandikisha kwenye Windows Update kwa akaunti ya Microsoft, bila malipo ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwao, au kwa dola 30. Hilo linakupa muda wa kupumua.

Ukipenda kuvuka moja kwa moja, tengeneza flashi ya Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, toleo la 22 lenye sura nyepesi ya Xfce. Inasasishwa hadi 2029, inaridhika na RAM yako, na unaweza kuijaribu ikiwa kwenye flashi bila kufuta chochote. Inakuja na brauza ya Firefox na LibreOffice, mbadala wa Word. Jaribu mambo mawili kabla ya kuamua: printa yako, na mtihani mmoja wenye jedwali na milinganyo uliouandika kwa Word. LibreOffice huufungua, ila mistari inaweza kusogea na swali la saba likaangukia ukurasa mwingine. Kama mitihani mnapeana na walimu wenzio kwa Word, hilo litakukera. Kama unachapisha mwenyewe, litakusumbua kidogo tu.

Tarehe inayorudi nyuma ni jambo dogo na la bei ndogo. Kwenye ubao mkuu kuna betri ya duara, CR2032, ya volti 3, ile ile wanayouza mafundi saa. Inalinda saa na mipangilio wakati umeme umekatika, na yako imekufa. Usiidharau, kwa sababu tarehe ikiwa ya miaka ya nyuma, tovuti zenye alama ya kufuli hukataa kufunguka na masasisho hayashuki, nawe unalaumu mtandao. Kabla ya kuibadilisha, washa mashine ukibonyeza F2, tafuta SATA Operation, uandike kwenye karatasi kilichochaguliwa hapo. Mipangilio ikijifuta na chaguo hilo likabadilika, Windows inaweza kugoma kuwaka na kuonyesha skrini ya bluu, na fundi asiyejua atataka kupiga Windows mara ya tatu.

Ukiwa umefungua kasha, toa vumbi. Fanyia nje, shika feni kwa kidole isizunguke bloa inapopuliza. Utajua joto linahusika kama mashine inaanza vizuri, kisha baada ya nusu saa inakuwa nzito na feni inapiga kelele. Hapo grisi kati ya prosesa na chuma cha kupozea imekauka, ipakwe mpya.

Upande wa wanao: prosesa yako haina kifaa cha ndani cha kufungua video za VP9 na AV1, aina za ubanaji wa video ambazo YouTube hupenda kutuma, hivyo inazifungua kwa nguvu zake yenyewe, na ndiyo maana 1080p huifanya ihemewe. Wawekee 480p au 720p. Ubao wa mwalimu unasomeka vizuri na bando halikimbii. Au weka kwenye brauza kiongezo cha h264ify, kinachoiomba YouTube itume aina ambayo prosesa yako inaimudu.

Programu za "kusafisha na kuongeza kasi" achana nazo. Kilichomo ndani yake chenye manufaa unakipata kwenye Task Manager, sehemu ya Startup: zima Teams, Spotify, uTorrent na kila kitu usichokihitaji kompyuta inapowaka. Antivairasi iwe moja tu, ile inayokuja na Windows inatosha. Mbili zinakaguana zenyewe kwa zenyewe.

Kununua mpya ningekuambia katika hali chache: kama ukifungua kasha unakuta kapasita, vile vipuri vidogo vya mviringo kwenye ubao mkuu, zimevimba vichwa, kama mashine inajizima ovyo hata baada ya kusafishwa na kupewa RAM nzima, au kama unataka kuanza kuhariri video. Hata hivyo SSD uliyonunua haipotei, inahamia kwenye mashine inayofuata. Ile diski ya zamani, kama 05, C5 na C6 zote ni sufuri, irudishe kwenye nafasi ya pili iwe ghala la nakala. Kama siyo, ihifadhi pembeni bila kuifuta mpaka utakapokuwa umefungua picha zako zote kwenye SSD na kuhakikisha zinafunguka.